Vighuba Viwili

Siku ya kwanza nilipewa koleo, buti za mpira, ovaroli na jozi mbili za glavu, nikaonyeshwa kamba nyekundu iliyotandazwa juu ya mchanga. Ng'ambo ya kamba ndiko kwenye mafuta yaliyomwagika kutoka melini. Anayeingia huko haruhusiwi kutoka na buti zilezile. Nilidhani kanuni hiyo imewekwa kwa ajili ya kutulinda sisi. Kumbe ilikuwa ya kuulinda mchanga. Jioni iliyotangulia watu waliojitolea, wenye moyo safi kabisa, walikuwa wamepitapita huku na huko wakiwa na ndoo, wakayashindilia mafuta ardhini kwa nyayo zao na kuyapandisha hadi kwenye majani ya juu ya ufuo, mahali ambapo bahari yenyewe isingeyafikisha kamwe.

Meli iliyoleta balaa lile haikuwa hata ya kubeba mafuta. Ilikuwa na shehena kavu, ikapanda mwamba, tangi la mafuta yake ya kuendeshea injini likapasuka. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Lakini hata iliyovunjika kwenye miamba ya Mauritius mwaka 2020, Wakashio, ilikuwa meli ya shehena kavu, na takriban tani 1,000 za mafuta yake mwenyewe zilitosha kuitia nchi nzima simanzi. Mafuta ya injini za meli ni mazito, meusi, yanavutika kama lami iliyopashwa moto, na hayavukizi upesi kama mafuta mepesi. Yakishika jiwe, yameshika.

Msimamizi wetu alikuwa mzee mfupi, mpole wa sauti, aliyekuwa amefanya kazi hii katika bahari nyingi. Alinitazama nikichota kwa nguvu zangu zote kama dakika 10 hivi, kisha akaja akasimama kando yangu.

"Mwanangu, unazoa mafuta au unazoa ufuo?"

Nikaangalia mfuko wangu. Ulikuwa umejaa mchanga mweupe, na juu yake utando mweusi usiozidi unene wa kidole.

Akaniambia niweke koleo chini, akanipa kikwanguo cha bapa, akanionyesha jinsi ya kukivuta taratibu ili kiondoe tabaka la juu tu. Kila mfuko ninaojaza, alisema, kuna mtu ataubeba, kuna lori litausafirisha, na kuna mahali patatafutwa pa kuuweka, na hapo ndipo kazi huanza kuwa ngumu kweli. Baadaye nilikuja kuona maana yake. Meli ya Erika ilipovunjika mbele ya pwani ya Ufaransa mwaka 1999, mafuta yaliyomwagika yalikuwa kama tani 20,000, lakini taka zilizozolewa zilizidi tani 200,000. Mchanga, mwani, mawe, glavu, ovaroli, vitambaa vya kufyonzea. Tani moja ya mafuta ilizaa zaidi ya tani 10 za uchafu.

Kuna jambo lingine la siku hizo za mwanzo linaloniuma hadi leo. Tulipofika, mafuta yalikuwa yameshika nusu tu ya ufuo. Nusu nyingine yalikuwa bado njiani. Kule kulikuwa na mwani mkavu, magogo, chupa, nyavu zilizokatika, takataka zote zinazoachwa na bamvua, yale maji makuu yanayojaa kupita kawaida. Kama watu 20 wangepelekwa kuviokota vile vitu na kuvipandisha juu kabla mafuta hayajafika, tungepunguza mizigo isiyohesabika. Hakuna aliyepelekwa. Kila mtu alitaka kuwa mahali palipo na weusi. Mimi pia. Kuokota magogo makavu kwenye mchanga safi hakufanani na kupigana na mafuta, lakini katika siku zote nilizofanya kazi hii sijaona saa moja yenye faida kuliko hiyo.

Baada ya siku nne nilihamishiwa kwenye boti.

Uzio wa kuelea ni kifaa rahisi kukieleza: juu kuna sehemu inayoelea, chini kuna sketi inayoning'inia majini, na mnyororo wa kuivuta sketi isimame wima. Ukiuona umelala gatini unafikiri ni ukuta. Ndivyo nilivyoufikiria nilipotumwa kwenda kuziba mlango wa hori lenye mikoko. Maji yalikuwa yametulia, yako kati ya kupwa na kujaa. Tukaufunga uzio kutoka ukingo huu mpaka ule, umekingama, mstari ulionyooka. Nilirudi nyuma kidogo na boti nikautazama, nikaridhika.

Maji yakaanza kujaa. Kwa saa ya kwanza mafuta yalijikusanya mbele ya uzio kama tulivyotaka. Kisha mkondo ukashika kasi, sketi ikaanza kuinama, na nikaona upande wa ndani, upande wa mikoko, matone meusi yakiibuka moja moja, halafu kumi kumi, halafu utepe mzima. Uzio ulikuwa haujakatika popote. Haukuwa umezama. Mafuta yalikuwa yanapita chini yake, mbele ya macho yetu, na hatukuwa na la kufanya mpaka maji yatulie tena.

Serahangi, yaani kiongozi wa mabaharia, wa boti ya pili alinifundisha usiku ule jambo ambalo nilipaswa kufundishwa kabla ya kugusa nanga. Alivunja kijiti, akakitupa majini kwenye omo, mbele ya boti, akaanza kuhesabu sekunde kikielea kuelekea tezi, nyuma yake. Pima mita 10, alisema. Kijiti kikizimaliza kabla hujafika 28, uzio uliokingama hautashika. Hesabu yake ni ya kweli: mkondo ukizidi kama sentimita 35 kwa sekunde ukiupiga uzio uso kwa uso, mafuta huchanika kwenye ukingo wa lile rundo na kuburutwa chini ya sketi, hata ukiwa na sketi ndefu kiasi gani. Na mwendo huo ni mdogo mno, mtu anayetembea kwa kujikokota anaushinda. Dawa yake ni kuuweka uzio mshazari, maji yaupige ubavuni, mafuta yateleze kuufuata mpaka pembeni kwenye maji tulivu, na huko ndiko uweke mashine ya kuengua, ile inayoyazoa mafuta juu ya maji. Kumbe uzio una kazi moja tu pale penye mkondo: kuyaongoza mafuta yaende mahali unapopataka. Niliutaka uyazuie, nikauomba kazi isiyo yake.

Kesho yake tuliuweka mshazari na ukafanya kazi. Lakini yaliyopita yalikuwa yamepita. Yalikwenda kukaa kwenye mizizi ya mikoko, ile inayochomoza kwenye tope ili mti upumue. Tukaingia kwa miguu kuyafuata, watu 11, na kila hatua ilikuwa inasukuma mafuta ndani ya tope na kuvunja mizizi. Yule mzee alipopata habari alitutoa wote. Akaagiza tukae kwenye boti, tusukume maji ya bahari kwa pampu bila kanieneo (nguvu ya msukumo), kama mtu anayemwagia miche, na yanayoelea yatoke na maji yanapopwa. Yaliyobaki yaachwe. Mmoja wetu alilalamika kwamba tunaacha kazi nusu. Mzee akamjibu, "Bwana, tope hili ukilikanyaga leo, mafuta yake atayakuta mwanao." Ndani ya tope hakuna hewa, na vijidudu vinavyokula mafuta haviwezi kuyala haraka bila hewa. Mafuta yaliyo juu yana siku za kuhesabika; yaliyozikwa hukaa miaka.

Wiki ya pili nilipandishwa ndege ndogo mara moja tu, na nadhani kila mtu anayefanya kazi kwenye boti anapaswa kupandishwa. Nilikuwa nimeshinda siku mbili nikizunguka kwenye maji yanayong'aa rangi za upinde wa mvua, tukiamini tumo katikati ya mafuta. Kutoka juu niliona jinsi tulivyokuwa tumepotea. Rangi zile zilikuwa zimetanda hadi upeo wa macho, na ndani yake, mbali na mahali tulipokuwa, kulikuwa na michirizi michache mieusi, myembamba, iliyolala kufuata upepo. Utando wenye rangi za upinde wa mvua una unene usiozidi sehemu 5 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Hauengueki. Unaweza kupita na mashine yako kutwa nzima usipate ndoo. Mafuta yenyewe, karibu yote, hukaa kwenye ile michirizi ambayo ni sehemu ndogo sana ya eneo zima, na ukiwa juu ya maji, macho yako yakiwa mita mbili tu kutoka usoni pa bahari, huwezi kuiona.

Tangu siku hiyo hatukung'oa nanga bila sauti ya mtu wa juu kwenye redio. Na jioni nilijifunza kukadiria yatakapokuwa asubuhi: chukua mwendo wa mkondo wote, uongeze asilimia 3 ya mwendo wa upepo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde peke yake huyasukuma mafuta kilomita 26 hivi kwa siku. Nilikuwa nikichora kwenye ramani kwa penseli, na ilinishangaza jinsi hesabu ndogo kama ile inavyomwokolea mtu safari nzima.

Kuhusu kuengua kwenyewe sina mengi ya kusifia. Mafuta mazito yakipigwa na mawimbi humeza maji, yakageuka uji wa rangi ya kahawia wenye maji hata robo tatu. Maana yake tani moja iliyotoka melini sasa ni tani nne za kuzoa, na uji huo ni mzito kiasi cha kukaba pampu. Tangi letu lilikuwa linajaa kabla ya adhuhuri. Tukawa tunasubiri tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo, lije kututua, nusu siku, mafuta yakiendelea kusafiri. Mwenzangu mmoja alipenda kusema maji yakimwagika hayazoleki, akisema kwa uchungu wa kweli, kwa sababu alikuwa hodari kuliko sisi sote na bado matokeo yalikuwa yale yale. Katika mlipuko wa Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta baharini, mwaka 2010, ambapo watu 11 walikufa na kisima kikamwaga mafuta siku 87, kulikuwa na maelfu ya vyombo baharini, na serikali ya Marekani ilikadiria kwamba yaliyoenguliwa yalikuwa kama asilimia 3. Nilipoisoma hesabu hiyo sikuona aibu tena kwa ndoo zetu. Niliona kwamba mtu anayeahidi bahari itazolewa ikarudi kama ilivyokuwa hajawahi kusimama kwenye boti ile.

Ndiyo maana watu hukimbilia dawa ya kutawanya. Siipingi moja kwa moja. Ikitumika mbali na pwani, kwenye kina kirefu, katika saa za mwanzo kabla mafuta hayajageuka uji, huyavunja yawe matone madogo ambayo vijidudu huweza kuyala, na inaweza kumwokoa ndege wa baharini na ufuo mzima. Lakini haiondoi kitu, inahamisha: kutoka juu ya maji kwenda ndani ya maji. Kwenye maji mafupi, juu ya matumbawe au kwenye mawe ya pwani, sitaki hata kuiona. Yule mzee alikuwa na desturi ya kututajia meli ya mafuta ya Torrey Canyon kila mtu alipoomba dawa. Ilipanda mwamba karibu na Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwezi Machi 1967 na tani kama 119,000 za mafuta ghafi. Waingereza walimwaga takriban tani 10,000 za sabuni kali za viwandani, nyingi zikimwagwa kwenye miamba ya pwani, na sabuni zile ziliua zaidi ya mafuta. Konokono wa mwambani wenye gamba kama kofia, ambao kazi yao ni kula mwani, walikufa kwa wingi usiosemeka, miamba ikaota kijani kitupu. Palipoachwa na mafuta yake palijirudi ndani ya miaka 2 au 3. Paliposafishwa sana kwa sabuni palichukua miaka 10 hadi 15. Dawa za siku hizi si kali kama zile, lakini kisa kile bado kina kitu cha kumwambia kila anayeshika bomba.

Nilikisikia kisa hicho mara nyingi. Nilikijua kwa moyo. Na bado nilikuja kufanya jambo lile lile.

Mwishoni mwa mwezi wa pili zilibaki ghuba ndogo mbili zilizotengwa na kichwa cha mwamba. Ya kwanza ilionekana kutoka barabarani. Ya pili haikuwa na njia. Ungeifikia kwa boti tu, tena siku ambazo bahari imetulia. Zote mbili zilikuwa na mawe makubwa yaliyopakwa mafuta yaliyoanza kukauka. Mzee alishauri yaondolewe madonge yanayoweza kuokotwa kwa mkono, halafu mawimbi yaachiwe mengine. Ofisi iliyokuwa inatusimamia ilitaka mawe meupe. Kulikuwa na wageni wanakuja, kulikuwa na picha za kupigwa, na watu waliokuwa wamepoteza kipato chao walistahili kuona kitu kimefanyika. Sababu hii ya mwisho haikuwa ya uongo. Watu wale walikuwa wanasimama barabarani kila jioni wakitutazama, na mtu akikutazama hivyo, mikono yako inataka kusafisha.

Zikaletwa mashine za kurusha maji moto kwa kanieneo kubwa. Mzee alikataa kuzisimamia, akapelekwa sehemu nyingine. Mimi nilikubali. Kwa siku 9 nilishika bomba. Lazima niseme ukweli, ilikuwa kazi ya kuridhisha kuliko zote nilizowahi kufanya. Unapitisha maji juu ya jiwe jeusi, weusi unakimbia, jiwe linabaki kama siku lilipoumbwa. Mafuta yalikuwa yanateremka hadi ukingo wa maji, wenzangu wanayafyonza kwa vitambaa. Watu barabarani walipiga makofi. Nilipigwa picha, na nikaituma nyumbani.

Ni kwenye siku ya tano au ya sita nilipoona maji yanayotiririka miguuni pangu yana magamba. Magamba madogo madogo, matupu na yasiyo matupu. Niliyaona. Nikaendelea.

Kule Alaska, Marekani, baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga takriban tani 37,000 za mafuta mwaka 1989, walirusha maji moto kwenye kilomita nyingi za ufuo. Wanasayansi waliomba baadhi ya sehemu ziachwe bila kuoshwa ili zilinganishwe. Zilizooshwa zilipoteza viumbe vingi zaidi na zikachelewa kuliko zile zilizoachwa na mafuta yake. Maji ya moto huua kilichonusurika, na kanieneo hung'oa kilichoshika, na hata changarawe ndogo zinazoshikilia ufuo huteremshwa. Hayo yote yalikuwa yameandikwa wakati mimi nashika bomba. Hatukukosa ujuzi. Tulikosa mtu mwenye mamlaka wa kwenda pale barabarani akawaambia wale watu, kwa heshima na kwa subira, kwa nini tunaacha mawe yakiwa meusi.

Hapa niweke neno moja kwa anayetaka kujitolea, kwa sababu wengi huniuliza. Usiingie kwenye mafuta mabichi kabla mtu mwenye kipimo cha gesi hajapita. Maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza ni mvuke, usiyaite uchovu. Pumzika kabla hujachoka. Japani ilipopata umwagikaji wa meli ya Nakhodka mwezi Januari 1997, maelfu ya watu walizoa kwa kata na ndoo kwenye baridi kali, na kadhaa kati yao walipoteza maisha katika kazi hiyo. Walikuwa watu wema. Ufuo hauhitaji uhai wa mtu.

Miaka miwili baadaye niliitwa kusaidia kuhesabu viumbe kwenye ghuba zile mbili. Dada mmoja mtaalamu wa viumbe vya pwani alikuwa na fremu ya mraba ya nusu mita. Unailaza juu ya jiwe, unahesabu kila kilicho hai ndani yake, unaandika, unasogea. Tulianza na ile niliyoiosha. Mawe yalikuwa bado yanapendeza kwa mbali. Kwa karibu yalikuwa na ute wa kijani unaoteleza, na ndani ya fremu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, niliandika sifuri. Fremu ya saba tulipata konokono wawili, wadogo kuliko kucha.

Hakuuliza ni nani aliyeosha. Nilimwambia mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi njoo uone kule."

Tulizunguka kichwa cha mwamba kwa boti. Ghuba ya pili ilikuwa bado na mabaka, hilo silifichi. Juu, palipokuwa mstari wa bamvua, kulikuwa na utando mweusi mkavu kama rangi ya zamani, mgumu kiasi kwamba ukucha haukuuingia. Mtu anayepita mbali angeiita ghuba hii chafu na ile nyingine safi. Nililaza fremu kwenye jiwe lenye baka. Magamba yalikuwa yameshikana bega kwa bega, madogo na makubwa, na kaa mmoja alikimbia chini ya kivuli cha mkono wangu. Juu ya baka lenyewe la lami, katikati kabisa, palikuwa pameota magamba machanga, meupe.

Dada alinipa penseli. Nikaanza kuhesabu, nikafika 64, nikapotea, nikafuta, nikaanza upya kutoka pembeni.